Msaada: kishikio cha kamba kwenye ubao wa mawimbi kimevunjika, nikigandishe na nini?

Mtu wa Dunda: Wakuu habari za jioni, nipo Bagamoyo hapa. Nina ubao wa kuteleza kwenye mawimbi, wa zamani, umeshakuwa wa njano. Kule mkiani kuna kile kikombe kidogo cha plastiki chenye kijichuma katikati unapofungia kamba ya mguuni, sasa chuma kimeliwa na kutu kikakatika na kikombe chenyewe ukikigusa kinacheza. Kipya ninacho. Nakigandisha na nini kisitoke tena?

Shangazi Mwambao: Mwanangu kuogelea unajua lakini? Vijana siku hizi mnaamini kamba kuliko mikono yenu.

Kanzu Fupi: Supagluu. Mimi soli ya kiatu nimeibandika na supagluu mpaka mguu umebaki ndani.

Fundi Nanga: Gundi baadaye. Chungulia hapo kinapocheza, povu la ndani ni unga laini au punje punje nyeupe?

Mtu wa Dunda: Kwani inahusiana? Gundi si gundi tu

Fundi Nanga: Inahusiana, jibu.

Mtu wa Dunda: Punje nyeupe, zile za boksi la samaki. Ila wakuu msinikatishe tamaa, nimeshaongea na fundi wa boti za faiba na kianzio nimempa, ana rezini yake ya kwenye dumu, ile gundi ya maji maji ya faiba, anachanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, boti kaziba nyingi tu na hazivuji, sasa nikamwambie nini

Fundi Nanga: Mwambie asimamishe. Hiyo ya dumu kwa kawaida ni poliesta, ndani ina kemikali inaitwa staireni na staireni inayeyusha punje hizo, atamimina hapo juu na chini linabaki pango. Povu la unga laini lingeivumilia, lako halivumilii. Tafuta epoksi, ile gundi ya chupa mbili, rezini na hadina yake, pima kwa kipimo cha kwenye chupa, usizidishe hadina eti iwahi kukauka, epoksi haiendi hivyo. Kabla ya hapo toa kikombe cha zamani, suuza chumvi kwa maji baridi, acha ubao kivulini siku kadhaa mpaka povu likauke kabisa. Kipya kizibe mdomo kwa selotepu gundi isiingie ndani. Na usijaze shimo lote kwa mpigo maana epoksi ikiwa nyingi sehemu moja inachemka yenyewe na kuunguza povu, mimina kidogo kidogo. Fanya jioni joto likishuka, ukifanya asubuhi jua likapanda, hewa ya ndani inatanuka na gundi inajaa mapovu.

Mtu wa Dunda: Siku kadhaa sina mkuu.

Shangazi Mwambao: Haraka ya nini? Marehemu mume wangu aliharakisha kuziba ngalawa, kalafati hata haijashika akashusha majini, tukaja kuokota nyavu Kaole.

Bwana Kupwa: Samahani, mimi nimezaliwa Bagamoyo. Mawimbi yako wapi? Unguja imetukalia mbele, maji yakikupwa unatembea kwenye tope mpaka uchoke. Huu uzi wa kutunga, jamaa kaona video huko akaja kutuchezea akili.

Kanzu Fupi: Nilijua tu 😂 na mimi nilishaanza kumhurumia

Fundi Nanga: Mtu wa kutunga asingejua punje za povu.

Bwana Kupwa: Kakujibu baada ya wewe kumpa majibu mawili achague. Atupe picha.

Mtu wa Dunda: Simu yangu kamera imekufa. Sikusema nachezea hapa! Kuna mteja wa Dar, wao wanacheza Coco Beach kusi ikivuma, anakuja kuuchukua Jumamosi. Alisema kishikio kiwe kizima basi.

Shangazi Mwambao: Kumbe biashara! Na huyo mteja umemwambia kilivunjika?

Mtu wa Dunda: Kikishatengenezwa si kizima shangazi? Gari zinauzwa zimenyooshwa bodi na hakuna anayeuliza.

Fundi Nanga: Gari haikuachi katikati ya maji. Kamba ikichomoka ubao unaondoka na wimbi, mtu anabaki na miguu yake.

Kanzu Fupi: Bei gani? Nataka wa kupigia pasi.

Bwana Kupwa: Bado sijaona picha.

Mtu wa Dunda: Wakuu ngojeni kidogo, fundi kapiga, anasema keshaweka hadina

Fundi Nanga: Na ubao uko wapi?

Mtu wa Dunda: Uko kwake tangu mchana

Fundi Nanga: Panda bodaboda sasa hivi, acha kuchat.