Indigo (rangi ya bluu ya vitambaa) kufundishia redoksi (kupeana elektroni), kidato cha tatu (Moshi): rangi inatoka yote

Habari wadau. Kwenye lita 2 za maji naweka indigo gramu 4, kostiki soda gramu 8, haidrosi (sodiamu dithionaiti) gramu 10. Maji yanabaki bluu, na kitambaa kikisuuzwa kinarudi karibu cheupe. Tatizo nini?

— Mwalimu, maji yakiwa bluu ujue indigo haijapunguzwa (haijapokea elektroni); ni chembe tu zinazoelea, haziwezi kuingia kwenye pamba. Vipimo vyako havina shida. Haidrosi ndiyo inayoipa indigo elektroni, na kopo lililoachwa wazi hunyonya unyevu na hewa, inakufa. Fungua mpya. Pasha maji hadi nyuzi 50, koroga polepole (ukipiga povu unaingiza oksijeni), funika dakika 15. Yakigeuka kijani-manjano, zamisha kitambaa kilichokwisha kulowekwa, dakika 5. Kitoe kikiwa kijani, wanafunzi wakione kikigeuka bluu hewani. Hapo ndipo somo lilipo, andikeni milinganyo papo hapo.

— Naongezea: usitumie sufuria ya alumini, kostiki inaila na kutoa haidrojeni. Ndoo ya plastiki inatosha. Kostiki inamwagwa kwenye maji baridi, kamwe si maji juu ya kostiki. Glovu, miwani, madirisha wazi.

— Na nta ya kuchorea batiki je?

— Kwa nyuzi 50 italainika, michoro itavuja. Fungeni kwa uzi. Chukua marekani ya pamba tupu. Shuka za mitumba za soko la Memorial nyingine zina poliesta, zitafifia tu.