Ripoti ya kuazimana vitabu imewafuta wasomaji waliokosa. Nimechoka!

Wakuu,

Nafanya kazi kwenye maktaba ya chuo kimoja hapa Moshi. Kitabu tusichokuwa nacho tunakiomba maktaba nyingine, mara nyingi Arusha, kilomita kama 80 tu kwa basi. Jana nimerudishiwa ripoti ya robo mwaka, ukurasa wa maombi yaliyokosa umenyofolewa wote. Eti unachafua sura ya chuo!

Unachafua nini? Aliyeandikwa pale ni mwanafunzi aliyekuja na karatasi yake, akasubiri, akaondoka mikono mitupu. Nimeandika jina la kitabu, tarehe na sababu: kimeazimwa na mtu mwingine, hakiruhusiwi kutoka, au tuliowaomba hawakujibu kabisa. Sababu hizo ndizo zinazotuambia tununue nini mwakani. Ukizitupa, bajeti inapangwa kwa kubahatisha.

Fomu yenyewe ya ripoti inauliza swali moja: vimeazimwa vingapi? Vilivyoingia na vilivyotoka vinamwagwa safu moja. Kitabu kikija kwetu kutoka Arusha, wao wanaandika 1, sisi tunaandika 1, na anayejumlisha kule juu anapata 2! Nakala ya kurasa 10 iliyotumwa kwa barua pepe inahesabiwa sawa na kitabu kizima kilicholipiwa nauli na kinachotakiwa kurudi. Chukulia maktaba moja imeomba vitabu 10 ikapata 9, nyingine imeomba 60 ikapata 30. Kwa fomu hii inapongezwa yenye 30, wakati nusu ya wasomaji wake wamekosa.

Na siku je? Kuna binti wa mwaka wa tatu aliomba kitabu cha magonjwa ya migomba. Kilifika wiki mbili baada ya yeye kukabidhi utafiti wake. Alikuja, akakishika, akakirudisha mezani bila kukifungua. Kwenye ripoti huyo "amehudumiwa". Inaniuma mpaka leo.

Haya sijayabuni mimi. Kiwango cha kimataifa cha kupima huduma za maktaba, ISO 11620, kina vipimo vya asilimia ya maombi yaliyofanikiwa na muda uliotumika. Kwetu hapa kinachotakiwa ni daftari na mtu wa kuandika tarehe mbili: ya kuomba na ya kupokea.

Ule ukurasa nimeuchapa upya, nikaubana kwa pini nyuma ya fomu na kuusaini. Wakutubi wenzangu wa Arusha na Moshi, fomu zenu zina safu ya waliokosa? Semeni hapa.