Nikinoa picha za RAW zinajaa chenga, nakosea wapi?

Mwanga_wa_Tanga
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kabla sijamkabidhi mteja kazi Jumamosi. Nimepiga harusi hapa Tanga, ukumbini usiku, ISO 3200 (kamera imeongezewa wepesi wa kuhisi mwanga), na ni mara yangu ya kwanza kutumia RAW (faili ghafi la kamera, halijahaririwa). Kwenye kioo cha kamera picha zilikuwa safi. Nimezifungua kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, zimelegea. Nikavuta Amount, kiwango cha kunoa, hadi 120. Hina ya mkononi ikajitokeza, lakini kila ua limezungukwa na mstari mweupe, na shavu la bi harusi limekuwa kama ganda la chungwa. Ukuta wa nyuma ni chenga tupu, vidoa vidogo vidogo. Huyu dada kaniamini, sitaki apate albamu ya namna hii.

FundiLenzi
Pole mkuu, na hongera kwa kuhamia RAW. Ulichokiona kwenye kioo ni JPEG ambayo kamera imeshainoa yenyewe. RAW kazi hiyo umeachiwa wewe. Lightroom kwa kawaida inaanza na Amount 40, Radius (upana wa kunoa kwenye kingo) 1.0, Detail (unoaji wa vitu vidogo) 25, Masking (kuzuia sehemu zisinolewe) 0. Hiyo sifuri ndiyo inayokuumiza, maana unanoa kila kitu: shavu, ukuta, na chenga zenyewe.

Rudisha Amount kwenye 50 au 60. Halafu shikilia Alt huku ukivuta Masking. Picha itageuka nyeusi na nyeupe: peupe ndipo panaponolewa, peusi panaachwa. Vuta taratibu mpaka shavu liwe jeusi kabisa, zibaki kope, midomo, hina na nakshi za gauni. Kwa picha za sura mimi mara nyingi naishia 70 na kitu. Mstari mweupe ukibaki, shusha Radius kwenye 0.8. Na kuza picha hadi asilimia 100 unapofanya haya, bila hivyo macho yatakudanganya.

MamaPicha
Nakazia hapo kwa fundi. Ila chenga zipunguze kwanza kwa Luminance, kitelezi cha kulainisha chenga, jaribu 20 hadi 30. Ukizidisha, ngozi inakuwa ya plastiki.

Mdogo wangu, una uhakika zote zimelegea kwa sababu ya RAW? Kama kope zimefifia lakini hereni imetoka kali, fokasi ilikosa jicho. Kama kila kitu kina kivuli cha pili upande mmoja, mkono ulitikisika. Hiyo hainoleki. Usiikeshee, chagua nyingine.

Mwanga_wa_Tanga
Mungu awabariki. Masking 75, Amount 55, Luminance 25: ngozi imerudi laini, na vile vimstari vyembamba vya hina kwenye vidole navihesabu kimoja kimoja! Ila ile ya kukata keki ni kama alivyosema Mama, kisu kina kivuli. Nilipiga kwa 1/40 ya sekunde, nimeiondoa. Swali la mwisho: albamu ni karatasi isiyong'aa, ninoe zaidi?

FundiLenzi
Hapo usiguse tena. Ukifika kwenye dirisha la Export (la kutoa picha), sehemu ya Output Sharpening (kunoa kwa ajili ya matokeo) chagua Matte Paper, kiwango Standard. Karatasi isiyong'aa inafyonza wino, picha inalegea kidogo, na programu inalifidia hilo yenyewe. Za kumtumia kwenye simu zitoe upya kwa Screen. Chapa ukurasa mmoja wa majaribio, ule wa hina, kabla ya albamu nzima.