Kusafisha mawe ya makaburi ya askari waliokufa vitani

Swali
Wakuu, kikundi chetu kinataka kusafisha mawe ya makaburi ya askari kabla ya siku ya kumbukumbu. Mengi ni ya marumaru nyeupe, yamejaa madoa ya kijani na meusi. Je, dawa ya klorini inafaa?

Jibu
Klorini hapana kabisa! Chumvi zake huingia kwenye vitundu vya jiwe, hukauka na kuganda humo, na baadaye uso wa jiwe humeguka pamoja na jina la marehemu. Siki na ndimu pia hapana, asidi hula marumaru. Maji safi na brashi laini ya nailoni vinatosha. Lowesheni jiwe lote kwanza, kisha sugueni kutoka chini kwenda juu huku mkisuuza. Mkianzia juu, maji machafu hutiririkia sehemu kavu na kuacha michirizi.

Jibu
Naongezea. Uoto uliong'ang'ania ulowe kwanza, ukwanguliwe kwa kijiti cha mbao, si kisu wala brashi ya waya. Jiwe likiacha unga kidoleni au likiwa na ufa, liacheni. Mashine ya presha msiilete.

Jibu
Hakikisheni kama si makaburi ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa 1917. Mawe yake mengi yana kimo cha sentimita 81 na upana wa 38, sawa kwa jenerali na kuruta. Hayo ombeni idhini kwanza.