Vumbi la dohani za viwanda: tuamini sampuli za mara mbili kwa mwaka au mita inayosoma saa zote?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tulijadili hili bila kuoneana haya.

Mwaka una saa 8,760. Wapimaji wakija kiwandani mara mbili, na kila safari wakachukua sampuli tatu za saa moja moja, wamepima saa 6. Kwa saa hizo 6 kiwanda kinapata cheti kwamba vumbi lake halizidi kikomo. Saa nyingine zote tunazichukulia kwa imani tu.

Tena mpimaji hawezi kuja kwa kushtukiza. Anahitaji jukwaa juu ya dohani, umeme, na matundu ya kupimia yafunguliwe, kwa hiyo siku yake inajulikana mapema. Akifika, mifuko ya kuchujia vumbi iliyotoboka imeshabadilishwa na tanuru linaendeshwa kwa utulivu. Simtuhumu mtu udanganyifu. Nasema utaratibu wenyewe umepangwa upime siku njema.

Vumbi la kutisha hutoka siku mbaya. Chukueni tanuru la saruji lenye kichujio cha umeme, kile kinacholipa vumbi chaji ili linase kwenye mabamba. Gesi ya kaboni monoksaidi ikipanda ghafla, umeme wa kichujio hukatwa makusudi, maana cheche moja inaweza kulipua kila kitu. Kuukata ni sahihi kwa usalama wa wafanyakazi, lakini kwa dakika hizo vumbi linapita bila kizuizi. Kuwasha tanuru lililopoa nako kuna shida zake, na mahali pengi kanuni huziondoa nyakati za kuwasha na kuzima kwenye hesabu ya kikomo.

Msimamo wangu: kila dohani kubwa iwe na mita ya kudumu, na takwimu zake zionekane na umma. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, mimi kazi yangu ni hiyo ya kupanda dohani, na naomba nikupinge kwenye jambo la msingi. Mita nyingi za kudumu hazipimi vumbi. Zinapima mwanga uliozuiwa au uliotawanywa na vumbi, na nyingine zinapima chaji ya umeme chembe zinapopita karibu na fimbo yake. Kutoka hapo hadi miligramu kwa mita ya ujazo ni makadirio. Kiwanda kikibadilisha makaa, chembe zikawa ndogo zaidi au nyeusi zaidi, mita itatoa namba nyingine hata kama uzito wa vumbi ni uleule. Na kama gesi imeoshwa kwa maji kabla ya kutoka, mita ya mwanga inahesabu matone ya maji kuwa vumbi.

Kinachopima vumbi ni kichujio na mizani. Unakausha kichujio, unakipima, unavuta gesi kupitia kwake, unakikausha tena, unakipima tena. Tofauti ya uzito ndiyo vumbi. Ugumu uko kwenye kuvuta. Mdomo wa bomba lako lazima uvute kwa kasi ileile ya gesi inayopita pale. Ukivuta polepole, gesi inapinda na kukwepa mdomo, lakini chembe nzito haziwezi kupinda haraka hivyo, zinaingia moja kwa moja, na jibu lako linakuwa kubwa kuliko ukweli. Ukivuta kwa nguvu mno, unanyonya gesi ya pembeni ambayo chembe zake nzito zimekupita, na jibu linakuwa dogo. Njia ya 5 ya Marekani, yaani utaratibu wao rasmi wa kupima vumbi la dohani, inataka uwe kati ya asilimia 90 na 110 ya kasi hiyo. Tena hupimi pointi moja, unahamisha mdomo pointi baada ya pointi, kwa sababu vumbi halijatawanyika sawa ndani ya dohani.

Ukitaka mita, sawa, ila namba zake zilinganishwe kwanza na za kichujio na mizani. Kiwango cha Ulaya EN 14181 kinadai vipimo sambamba (mita na kichujio kwa wakati mmoja) visivyopungua 15, katika siku zisizopungua 3, kabla ya mita kuaminiwa, na baada ya hapo ihakikiwe kila mwaka. Mita isiyofanyiwa hivyo ni taa tu.

Mchangiaji wa pili

Nasimamia mazingira kiwandani. Suala la kuonyesha umma namba ghafi linanitia wasiwasi, na si kwa sababu mnayoidhani.

Kikomo huandikwa kwa gesi kavu, nyuzi 0 za Selsiasi, na kiasi maalumu cha oksijeni. Tuseme sheria inataja oksijeni asilimia 11. Mita inaonyesha miligramu 40, lakini oksijeni ndani ya dohani ni asilimia 15 kwa kuwa hewa ya nje inaingia na kulizimua vumbi. Unachukua 21, asilimia ya oksijeni kwenye hewa ya kawaida, ukatoa 11, unapata 10. Unachukua 21 ukatoa 15, unapata 6. Zidisha 40 kwa 10, gawanya kwa 6: karibu 67. Kikomo kikiwa 50, namba ghafi inasema tuko salama wakati tumekosea. Naandika hili ingawa linatuumiza sisi wenye viwanda. Namba zionyeshwe, lakini zilizosahihishwa, pamoja na oksijeni yenyewe pembeni.

Mleta mada

Nimesoma nikarudia. Mpimaji, nakubali: mita bila kichujio haina uzito, na hoja yangu ya kwanza ilikuwa na haraka. Ndugu wa kiwandani, nakushukuru kwa hesabu hiyo. Naongeza tu kwamba namba ghafi isifutwe baada ya kusahihishwa, ibaki kwa mkaguzi.

Hamjanijibu kuhusu nyakati za kuwasha tanuru na kukatika kwa kichujio cha umeme. Anayeishi karibu na dohani havuti wastani wa mwaka peke yake, anavuta na lile wingu la alfajiri.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo naona uchungu wako, mkuu, lakini nikwambie ugumu wake. Wakati wa kuwasha, kasi na joto la gesi hubadilika kila dakika. Siwezi kuhakikisha navuta kwa kasi sahihi, kwa hiyo sina kipimo cha kulinganisha na mita. Mita nayo itakuwa inasoma nje ya eneo ililolinganishiwa. Utampeleka nani mahakamani kwa miligramu za namna hiyo?

Mleta mada

Sitampeleka kwa miligramu. Nitamhesabia dakika. Kila mara umeme wa kichujio unapokatika, swichi inajua saa ngapi umekatika na saa ngapi umerudi, na rekodi hiyo haihitaji mwanga wala mizani. Leseni iandike: dakika kadhaa kwa mwaka, zikizidi, kiwanda kieleze kwa nini kaboni monoksaidi inapanda mara nyingi hivyo na kirekebishe uchomaji wake. Ndugu wa kiwandani, rekodi hiyo mnayo tayari kwenye chumba cha udhibiti. Mko tayari itoke?