Mfuko wa kutandika kwenye choo cha paka unachanika kila siku, nyie mnatumia nini?

Baba_Nyau:
Wakuu habari za jioni. Nina paka wawili, dume na jike, tunakaa ghorofa ya tatu huku Sinza, hakuna uwanja wala pa kuchimba, kwa hiyo choo chao ni beseni tumeliweka kibarazani nyuma. Kazi ya kusafisha ilikuwa ya mama watoto ila sa hivi ni mjamzito miezi minne na kliniki wamemwambia asiguse kabisa kinyesi cha paka, zigo limeniangukia mimi na ndo nimejua kumbe alikuwa anavumilia mengi.

Shida yenyewe iko hivi, natandika mfuko ndani ya beseni namwaga mchanga juu, hesabu yangu ikifika siku ya kubadilisha nakunja pembe nne natupa. Wapi! Lile dume likiingia linafukua kama linatafuta mali ya Mjerumani, siku ya pili mfuko una matundu, mkojo umetulia chini huko, nikinyanyua unanimwagikia miguuni. Zamani ungepanga rambo tatu yakaisha ila toka zipigwe marufuku 2019 ndo hivyo tena. Nikajaribu mfuko mbadala, ule wa kitambaa kitambaa, daah mkojo ulipita kama tui kwenye chujio. Nisaidieni.

kisimani03:
Pole mkuu na hongera kwa mgeni anayekuja. Marufuku ilikuwa ya mifuko ya kubebea bidhaa, ile myeusi ya kuwekea taka supamaketi bado ipo. Chukua saizi kubwa kuliko beseni lako, weka miwili kwa pamoja. Lakini sikiliza, wengi tunadhani mfuko unachanika sababu ni mwepesi, kumbe umelegea. Ukilegea unakuwa na mikunjo na kucha inanasa kwenye mkunjo. Uvute ubanane kama ngozi ya ngoma halafu nenda kwa fundi baiskeli akupe tyubu mbovu, kata mpira mrefu ufunge kuzunguka ukingo wa beseni, hautoki huo. Na mchanga usiweke kiduchu, fikisha kama sentimita 7 ili akifukua asifike chini. Kucha zake pia punguza, ile ncha tu, ukiona pekundu ndani usiguse pana mshipa hapo.

Fundi_wa_Kata:
Mimi nilihama kwenye mifuko zamani. Nenda duka la hadiwea omba nailoni ya ujenzi geji 1000, ile tunayotandika kabla ya kumwaga zege, wanakata kwa mita. Kata vipande viwili, kimoja kinatumika kingine kimeoshwa kinakauka. Paka hata awe na kucha za chui atachoka mwenyewe. Ubaya wake ni ngumu haikai vizuri kwenye kona, ianike juani kwanza ilainike ndo uikunje.

BintiPangani:
Naomba nipingane na nyie wote jamani. Paka wengine hawapendi plastiki, ile chakarachakara chini ya miguu inawakera. Wangu nilimwekea laina, yaani plastiki ya kutandika, nzuri kabisa akahamia kwenye godoro langu, na mkojo wa paka kwenye godoro hautoki hata uite shehe. Nilipotoa laina akarudi chooni siku hiyohiyo. Sa hivi nina mabeseni mawili yanayofanana, nikiosha moja kwa maji ya moto na sabuni naweka juani, natumia lingine. Na tafadhali usimwage jiki kwenye beseni lenye mkojo, mkojo wa paka una amonia, ikikutana na jiki inatoa hewa mbaya inabana kifua, mimi nilikohoa mpaka jirani akagonga mlango.

dakta_mtarajiwa:
Mkuu mchanga wenyewe ni upi?

Baba_Nyau:
Wa ujenzi tu, nauchekecha.

dakta_mtarajiwa:
Basi nusu ya tatizo ni hapo. Mchanga wa ujenzi haunyonyi, mkojo unashuka moja kwa moja mpaka chini, ndo maana kitundu kidogo tu kwenye mfuko ni msiba. Ule mchanga wa paka wa dukani unaoganda ni udongo wa bentonaiti, ukilowa unakuwa donge, unaliokota kwa kijiko cha matundu kabla halijafika chini. Bei imechangamka kweli. Kama hela hairuhusu tumia maranda ya mbao, yananyonya vizuri ila umwage yote kila baada ya siku mbili tatu.

Kuhusu shemeji, kliniki wako sahihi. Kile kimelea cha toksoplazma, ambacho kinaweza kumdhuru mtoto tumboni, kikitoka na kinyesi hakiambukizi papo hapo, kinahitaji siku 1 mpaka 5 hivi. Kwa hiyo wewe okota kila siku, usisubiri mfuko ujae, vaa glavu na nawa. Paka hamna haja ya kuwafukuza, ila msiwape nyama mbichi, na nyie wenyewe nyama iive na mboga zioshwe maana huko nako kunaambukiza.

Baba_Nyau:
Wakuu narudi na mrejesho wa wiki. Nimeweka nailoni ya geji 1000, mpira wa tyubu, maranda juu. Dume limefukua mpaka limekaa chini linahema, nailoni haina hata mkwaruzo, siku ya tatu nimekunja nimetupa maranda, miguu mikavu. Sasa jike ndo kagoma, anapanda ukingoni ananusa ananiangalia anashuka, juzi kamaliza haja zake kwenye kapu la nguo.

BintiPangani:
😂😂 Nilisema mimi. Mwekee huyo beseni lake bila plastiki, na ukiweza ongeza la tatu, paka wawili wanataka vyoo vitatu.

Baba_Nyau:
Vitatu?? Sisi wenyewe humu ndani tuna kimoja.