Je, Mto Nairobi unaweza kulindwa kwa mashua?

Mkazi wa Korogocho (swali)
Hamjambo wenzangu. Kikundi chetu cha vijana huzoa taka kando ya Mto Nairobi, na mara nyingi asubuhi tunayakuta maji yamebadilika rangi na kujaa povu, kwa sababu ya kitu kilichomwagwa usiku huko juu. Nimesoma kwamba kwenye Mto Hudson, jimbo la New York, wavuvi waliunda chama mwaka 1966, na mwaka 1983 wakamwajiri John Cronin auzunguke mto huo kwa mashua akiwasaka wachafuzi. Tumechanga fedha kidogo. Je, tununue mashua?

Jirani wa Ondiri
Ndugu yangu, mimi ninaishi Kikuyu, karibu na kinamasi cha Ondiri ambako mto huu unaanzia, na ninakuomba msinunue. Hudson ni mto mpana ambao meli za mafuta hupita. Wetu, wakati wa kiangazi, mtu huuvuka kwa kurukaruka juu ya mawe, na masika yakifika unafurika kwa nguvu ya kuua. Mafuriko ya Aprili 2024 yalituachia msiba mkubwa, hasa Mathare. Hata bwawa la Nairobi kando ya Kibera, ambako zamani watu walijiburudisha kwa mashua za tanga, limevamiwa na magugu maji.

Wakili wa mazingira
Ninaafikiana na jirani wa Ondiri, lakini nisingependa mfano wa Hudson utupwe pamoja na mashua. Cronin alifuatilia meli za kampuni ya Exxon zilizokuwa zikisuuza matangi yake mtoni, kisha zikijaza maji ya mto yasiyo na chumvi na kuyapeleka kisiwa cha Aruba, katika Karibi. Mashua ilimfikisha mahali pa tukio. Kilichowabana wahusika ni ushahidi na sheria, na hivyo viwili mnaweza kuwa navyo mkitembea kwa miguu.

Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na kifungu cha 70 kinamruhusu anayedai haki hiyo imevunjwa, au inaelekea kuvunjwa, aende mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Aidha, kanuni za ubora wa maji zinamtaka anayemwaga maji taka mtoni awe na leseni ya NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Basi gawaneni kingo kwa zamu, mchore ramani ya kila bomba linaloingia mtoni, na mwandike tarehe, saa, rangi na harufu, pamoja na picha inayoonyesha mdomo wa bomba na alama ya mahali. Msiingie katika uwanja wa mtu, wala msitembee usiku mkiwa wachache. Mkihitaji sampuli, mwiteni afisa wa mazingira aichukue mwenyewe, mtoni kabla ya kufika bomba na baada ya kulipita, kwa sababu chupa mliyoijaza wenyewe ni rahisi kupingwa mahakamani.

Mama Mkulima, Ruai
Wanangu, mimi humwagilia sukuma wiki kwa maji hayo hayo mnayoyaona ninyi kwanza, na kutoka huku yanaingia Mto Athi, ambao baadaye huitwa Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Ninachoomba ni simu tu. Mkiliona povu alfajiri, nijulisheni nisiwashe pampu siku hiyo, nami nitaandika saa ambayo maji hayo yamenifikia.

Mkazi wa Korogocho
Asanteni sana, na shikamoo Mama. Tutanunua gambuti, glavu na daftari, na Jumamosi tutaanza kuhesabu mabomba. Tafadhali nitumie namba yako faraghani, ili atakayekuwa zamu ya alfajiri awe nayo.